Kiti na Mpandaji: Je, Akili ya Mtu Yaweza Kutawaliwa na Mwingine?

Katika mabaraza ya pwani huulizwa mara nyingi kama mtu aweza kuishika akili ya mwenziwe na kuiendesha apendavyo, kama nahodha ashikavyo usukani. Wengi hujibu upesi kwamba yawezekana, na mifano hawakosi. Fulani alikuwa mtu wa heshima, ghafula akauza minazi yake yote. Fulani ampenda mkewe kupita kiasi, hapana shaka amelishwa kitu. Fulani ametumiwa jini. Wengine, hasa waliokaa shuleni miaka mingi, hujibu upesi vilevile kwamba hayo yote ni upuuzi wa wajinga. Sisi twaona kwamba majibu haya mawili yana kosa moja, maana yote mawili yametolewa kabla ya kusikiliza ushahidi.

Katika kurasa hizi tumeamua kuusikiliza ushahidi huo kidogo, na tumeuchagua uwanja wetu katika kisiwa cha Mafia, kilicholala mbele ya midomo ya mto Rufiji. Huko khabari za mashetani na majini zimeandikwa kwa subira, na maneno ya watu wenyewe yamehifadhiwa kwa wingi. Tutapima vitabu vitatu. Kimoja ni cha pwani ya Bagamoyo, kimoja cha Mafia yenyewe, na cha tatu ni mchezo wa kuigiza unaosimulia mambo ya ng'ambo ya Mafia, katika nchi ya Rufiji. Jambo hili si la mchezo. Mtu akisema, "Sikuwa mimi, nilitawaliwa," amefanya mambo mawili kwa mara moja. Amejivua hatia, na mzigo wake amemtwika mtu mwingine, ambaye mara nyingi ni mke, au mama mkwe, au bibi kizee asiye na wa kumtetea.

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha hushuhudia hata pale wasemaji wake wasipokusudia. Kiswahili hakisemi kwamba shetani anammiliki mtu. Chasema shetani amempanda, au amempanda kichwani, na mtu mwenyewe aliyepandwa huitwa kiti. Liko na neno lingine, kupagaa, ambalo maana yake ya kwanza ni kuchukua mzigo begani, na ndiko alikotoka mpagazi; neno hilohilo hutumika kwa pepo amshikaye mtu, hata twasema mtu amepagawa. Maneno yote mawili yatupa picha ya uchukuzi. Anayekalia kiti leo aweza kuondoka kesho, na kiti kikabaki kiti cha mwenye nyumba. Mzigo huyaelemea mabega, pengine hata kuyaumiza, lakini mzigo hauwi mwenye mabega.

Tutazame na neno kupunga. Kupunga ni kutikisa kitu hewani, mkono au kitambaa, kama afanyavyo mtu anayeita au anayeaga. Pepo hupungwa, yaani huitwa, huongeleshwa, hutulizwa, huagwa. Na mteja, ambaye siku hizi ni mnunuzi dukani, katika kamusi za zamani ni mtu aliye mikononi mwa mganga. Kadhalika kiinimacho, ule ujanja wa kumwonyesha mtu kisichokuwapo: jina lenyewe lataja macho, halitaji akili. Na wasiwasi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Mnong'ono hauna mkono wa kumshika mtu. Wahitaji sikio lililo tayari.

Msomaji ataweza kutujibu kwamba yako maneno mengine yenye nguvu zaidi, kama kulogwa, kuzugwa na kupumbazwa. Ni kweli. Walakini tuyapime haya pia. Kupumbaza ni kumfanya mtu awe mpumbavu, yaani kumpunguzia akili. Hakuna anayesema kwamba aliyepumbazwa amepewa akili ya mwingine. Hapa ndipo tunapopata tofauti ambayo tutaihitaji mpaka mwisho wa makala haya. Kuizima akili ni jambo moja, na kuiendesha ni jambo la pili. Taa ya mtu yaweza kuzimwa na mwingine, kwa pombe, kwa kasumba, kwa pigo la kichwa, kwa njaa au kwa hofu. Lakini aliyeizima taa hakupata kuona kwa macho ya mwenye taa.

Kitabu cha kwanza ni *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903 na Mjerumani Carl Velten, na sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Humo zimo khabari za pepo na jinsi wanavyopungwa. Sifa kubwa ya Mtoro ni kwamba haandiki kama anayecheka wala kama anayehubiri. Asimulia kazi ya uganga kama asimuliavyo arusi au safari. Ana utaratibu, ana vifaa, ana malipo. Kwa sababu hiyo msomaji aona jambo ambalo mwandishi mwenye hasira angelificha, ya kuwa kupunga pepo ni mazungumzo. Pepo huulizwa jina lake na kitu anachotaka. Watu wa mgonjwa huhangaika kukitafuta. Penye uwezo mdogo, huomba kupunguziwa. Basi yule anayedaiwa kuwa ameitwaa akili nzima ya mtu akaa hapo akipatana bei kama mchuuzi. Lakini mwenye kutawala hana haja ya kupatana. Upungufu wa Mtoro ni kwamba aliandika kwa ajili ya wageni waliotaka kuzijua desturi, hivyo mgonjwa mwenyewe hatumsikii. Twamwona akitikisika chini ya ngoma, lakini hatumsikii kesho yake asubuhi, akiwa ametulia, akieleza jinsi mambo yalivyokuwa kwake.

Upungufu huo wazibwa na kitabu cha pili. Bibi Pat Caplan, mwanachuoni wa Uingereza, alifika Mafia mara ya kwanza mwaka 1965, akakaa katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa kisiwa, kisha akarudi tena na tena. Katika mwaka 1997 alitoa *African Voices, African Lives*, kitabu kilichojengwa juu ya maneno ya mkulima mmoja aliyemwita Mohammed, jina ambalo si lake hasa. Maneno mengine mkulima huyo aliyasema na mengine aliyaandika kwa mkono wake. Na pamoja naye wasikika aliyekuwa mkewe na mmoja wa binti zao. Mazungumzo yao na mwandishi yalidumu karibu miaka thelathini. Hii ndiyo faida ya kitabu hiki juu ya vingi vya namna yake. Hakikumtegemea shahidi mmoja, wala hakikumhoji mtu usiku wa ngoma tu. Mashetani yamo humo pamoja na kilimo, ndoa, maradhi na misiba, kama yalivyo katika maisha yenyewe.

Watu wa Mafia hutenga mashetani ya nchi kavu na majini ya baharini. Kila namna ina watu wake, fundi wake na ngoma yake, wala wa huku hawachanganywi na wa kule. Mashetani ya nchi kavu hurithiwa katika jamaa, hata mtoto aweza kudaiwa na shetani aliyempanda bibi yake. Wanaopandwa ni wanaume na wanawake. Tena kukubali kuwa kiti si jambo la usiku mmoja. Kwanza huja maradhi, kisha shauri la mganga, kisha kutafuta fedha na vitu vinavyotakiwa, kisha ngoma. Na baada ya hayo mtu huwa mmoja wa watu wa chama kile. Mara nyingi jamaa husitasita miaka, mmoja akitaka ngoma ichezwe, na mwingine akisema mgonjwa asomewe Kurani au apelekwe hospitali. Je, utawala gani huu ambao mtawaliwa na jamaa zake wapata nafasi ya kukaa na kubishana kama waukubali au waukatae?

Twakisifu kitabu hicho, lakini twakitia makosa mawili. La kwanza ni la lugha. Kimetoka kwa Kiingereza, hata mtu wa Kilindoni asiyeijua lugha hiyo hawezi kuyasoma maneno ya jirani zake, ingawa yalisemwa kwa lugha yake mwenyewe. Hilo ni deni ambalo mtu hana budi kulilipa siku moja. La pili latokana na la kwanza. Wanachuoni wa Kiingereza, na Bibi Caplan pamoja nao, hulitaja jambo hili kwa neno ambalo maana yake ni kumiliki, neno lilelile litumikalo kwa shamba na nyumba. Msomaji wa Ulaya akilisoma hudhani kwamba mtu wa Mafia anaamini akili yake imekuwa mali ya mwingine. Lakini mtu wa Mafia alisema amepandwa, hakusema ameuzwa. Neno lililogeuzwa vibaya limefanya swali letu lionekane limekwisha jibiwa, kabla halijaulizwa.

Hapa twakumbuka pia hoja ya mwanachuoni I. M. Lewis, aliyeandika mwaka 1971 kwamba mara nyingi pepo ni njia ya wanyonge, hasa wanawake, kudai kitu wasichoweza kukidai kwa kinywa chao wenyewe. Kuna kweli katika hoja hiyo, na wake wengi wa pwani wamepata kanga kwa kinywa cha pepo. Lakini hoja hii ikivutwa sana hugeuka kuwa tusi, kana kwamba kila anayelia katika ngoma anafanya hila. Tena haitueleweshi habari za wanaume waliomo, wala za mama aliyefiwa ambaye hatafuti kanga.

Basi msomaji atatuuliza: Ikiwa hakutawaliwa, wala hafanyi hila, ni nini kilichompata? Mbona haitikii jina lake, hukumbuki aliyoyasema, na mwili wake hufanya asiyoyazoea? Kwa kujibu twaomba ruhusa ya kusafiri hadi Ufaransa. Mwaka 1784 mfalme wa nchi hiyo aliweka baraza la wanachuoni, miongoni mwao Benjamin Franklin na Lavoisier, lipime madai ya wafuasi wa daktari Mesmer, waliosema wanaweza kumshika mtu kwa nguvu isiyoonekana, hata kwa njia ya mti uliotiwa nguvu hiyo. Kijana wa miaka 12 alifungwa macho, akapitishwa penye miti katika bustani ya Franklin karibu na Paris. Alipofika mti wa nne alizimia akaanguka. Walakini mti uliotiwa nguvu haukuwa huo. Baraza likahukumu kwamba nguvu ile haikuwa katika mti wala katika mikono ya daktari, bali katika mawazo ya mgonjwa mwenyewe.

Tuyaangalie mambo hayo vizuri. Kijana yule hakudanganya, maana alizimia kweli. Wala hakutawaliwa, maana mtawala wake alikuwa kwenye mti mwingine. Alikuwa anatazamia, na kutazamia kwake kukamwangusha. Ndivyo tuonavyo sisi katika ngoma za Mafia. Kiti hapandwi ovyo. Hupandwa ngoma yake ipigwapo, hunena kama wanenavyo mashetani wa namna yake, hutaka vitu vinavyojulikana kuwa ndivyo vitakwavyo. Aliyeyajua hayo tangu utotoni, akiwa ameketi begani kwa mama yake usiku wa ngoma, ameyaweka ndani yake mwenyewe. Fundi hamwingizii mtu kitu kipya. Humfungulia mlango wa chumba ambacho tayari kimo nyumbani mwake. Ndiyo sababu mgeni aliyefika jana aweza kusimama usiku kucha katikati ya ngoma ileile na asipatwe na lolote ila usingizi.

Kuna jambo jingine linalonenwa pwani nzima, ambalo ni zito kuliko ngoma: kwamba wako watu wafugao majini na kuwatuma kwa wenzao. Hapa hatusemi tena juu ya shetani ampandaye mtu, bali juu ya mtu amshikaye mtu. Sisi hatuwezi kushuhudia kwamba jini ametumwa. Twaweza tu kuipima hadithi kwa masharti yake yenyewe. Yasemwa kwamba afugaye jini hana budi kumlisha, na asipompa atakacho, humgeukia yeye na wanawe. Basi hata katika masimulizi ya wanaoamini kabisa, mwenye kutawala amekuwa mtumishi.

Kuna na limbwata, dawa ambayo yasemwa mke humtilia mume katika chakula ili awe mpole na mtiifu. Tumeyasikiliza maneno yanayonenwa juu ya wanaume waliolishwa limbwata, na dalili zitajwazo ni hizi: arudi nyumbani mapema, ampa mkewe fedha, amsaidia kazi, hapigi. Yaani mume akitimiza wajibu wake, jirani hawana maelezo ila kwamba amelishwa sumu. Hukumu hii haituambii neno juu ya akili ya mume. Yatuambia mengi juu ya akili za wasemao.

Sasa tuvuke mlangobahari, twende ng'ambo, maana huko mtu mmoja alidhaniwa kushika akili za maelfu. Mwaka 1904, huko Ngarambe katika nchi ya Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipandwa na Hongo, akatoa maji ambayo watu waliambiwa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mambo haya ndiyo aliyoyatungia Ebrahim Hussein mchezo wake *Kinjeketile*, uliotoka mwaka 1969. Nao ndio kitabu chetu cha tatu.

Mtunzi amefanya jambo la busara katika mwanzo wa mchezo. Hakumleta nabii kwanza. Ameleta wanawake wakizungumza juu ya chakula kilivyopungua, na waume zao wako katika mashamba ya shuruti. Hivyo twajua kwamba hasira ilitangulia maji. Katika historia pia ndivyo, kwa kuwa pamba ya shuruti ilianzishwa mwaka 1902, miaka miwili kabla ya Hongo. Maji hayakuwatia watu nia ya kupigana. Yaliwakuta nayo, yakawapa ujasiri na jina moja.

Tena mtunzi ameliona neno ambalo vitabu viwili vya kwanza havikulionyesha wazi, yaani kiti akimhoji mpandaji wake. Kinjeketile wa mchezo azinduka, aambiwa aliyoyasema, naye ayapima. Kwa kinywa chake yametoka maneno kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja, na yeye mwenyewe auliza, imekuwaje wapigane watoke mikononi mwa bwana mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine? Mwenye akili iliyotawaliwa hawezi kuuliza hivyo. Kisha ajaribu kuwazuia watu wangoje, wajifunze kwanza vita, lakini hawangoji. Aliyewapa neno hawezi kulirudisha. Jambo hili nalo historia yalithibitisha kwa namna ya kutisha: Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, lakini viliendelea mpaka 1907, vikafika Mahenge, Lindi na Songea, wakafa watu makumi ya maelfu kwa silaha na kwa njaa. Kama akili za watu zilikuwa hatamu mkononi mwake, mbona farasi alizidi kukimbia mpanda farasi alipokwisha kufa?

Penye mwisho wa mchezo twaachana na mtunzi kidogo. Kinjeketile akataa kusema kwamba maji ni uongo, kwa kuwa aona neno lake litaishi baada yake, nalo ni kubwa kuliko yeye. Ni mwisho wenye nguvu sana jukwaani. Lakini msomaji aweza kutoka na dhana kwamba neno lina uhai wake lenyewe, na watu ni viti vyake tu. Sisi twaona neno liliishi kwa sababu watu walilitaka, na walilitaka kwa sababu ya pamba na kiboko. Tukilisahau hilo, tutakuwa tumewafanya wale waliokufa kuwa watu waliopumbazwa, na ndivyo walivyopenda kuamini wale waliowaua.

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya ngoma na maji ni ya kale, na elimu ya siku hizi imepata njia iliyo bora. Elimu hiyo ilijaribu. Shirika la ujasusi la Marekani lilianza mwaka 1953 majaribio ya siri yaliyoitwa MKULTRA, kutafuta dawa na mbinu za kuishika akili ya mtu. Fedha nyingi zilitumika, na dawa kali zilitolewa hata kwa watu wasiojua kwamba wamepewa. Majaribio yalikomeshwa mwaka 1973, na Seneti ya nchi hiyo ikayahoji hadharani mwaka 1977. Yalionekana madhara mengi waliyotendewa watu, lakini haikuonekana njia ya kumfanya mtu atende kwa nia ya mwingine kama chombo. Taa zilizimwa, usukani haukupatikana.

Baada ya haya yote, hatutaki msomaji adhani twasema kwamba binadamu hana nguvu juu ya binadamu. La, anayo, tena ya kutisha. Ila njia yake si ile inayoogopwa. Mafia ilikuwa na mashamba makubwa ya minazi yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukukomeshwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Bwana aliishika mikono ya mtumwa, chakula chake, usingizi wake na watoto wake. Hata hivyo ilimbidi aweke msimamizi na fimbo kila siku, na hiyo fimbo ndiyo hati ya kushindwa kwake, maana angaliishika akili asingalihitaji fimbo. Kadhalika mwenye deni, mwenye njaa, mtoto asiyepata kusikia ila sauti moja, mke asiyeruhusiwa kutembelewa na ndugu zake: hao wote mlango wao huchungwa na mtu mwingine, naye aweza kuchagua lipi liingie na lipi lisiingie. Twakiri kwamba kwa njia hiyo mtu aweza kuongozwa mbali sana, hata asijue kwamba ameongozwa. Lakini njia hiyo yafahamika, ina majina, na dawa yake yafahamika pia. Dawa hiyo ni chakula, malipo ya haki, elimu, jirani wa kusema naye, na khabari kutoka mahali zaidi ya pamoja.

Katika mambo haya dini mbili za pwani hazigombani. Waislamu, ambao ndio wengi wa watu wa Mafia, husoma katika sura ya Ibrahimu kwamba siku ya hukumu Shetani mwenyewe atakana kuwa alikuwa na mamlaka juu ya wafuasi wake; kazi yake ilikuwa kuita, na kuitika kulikuwa kwao. Na Wakristo wafundishwa katika waraka wa Yakobo kwamba chanzo cha majaribu kitafutwe katika tamaa ya mtu mwenyewe. Ikiwa Shetani hapewi mamlaka hayo katika vitabu vitakatifu, sisi twampaje jirani yetu?

Na neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Sheria ya uchawi ilitungwa Tanganyika mwaka 1928 wakati wa Waingereza, na ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania. Lakini sheria haikuweza kuwalinda wanawake wazee wa nchi ya Wasukuma, waliouawa kwa kushtakiwa uchawi, wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kila mauaji ya namna hiyo huanza na sentensi fupi kwamba fulani ameishika akili ya fulani. Anayeitamka barazani kwa mzaha amekwisha kumpa mwingine rungu. Mgonjwa na atunzwe, apigiwe ngoma au apelekwe hospitali, kama jamaa zake waonavyo vyema. Aliyeuza minazi yake na aulizwe ana deni gani, na kwa nani. Mume mpole na aachwe na upole wake. Na mtu asemapo, "Nilipandwa," tumwulize kwa adabu yale yaliyomwelemea kabla ya hapo. Kiswahili chenyewe kimekwisha kutuambia kwamba alikuwa amebeba kitu.

Hayo ndiyo tuliyoyapata katika vitabu na katika maneno. Wenyeji wa Mafia, wa Chole, Jibondo na Juani, wayajuao maneno mengine ya kutaja mambo haya, na hasa tofauti za lugha ya wakaao kaskazini na wakaao kusini mwa kisiwa, watatufadhili sana wakituandikia. Nasi tutayachapa kama watakavyoyaleta.